Pumzi Isiyo na Hati

Mwezi Mei mwaka 1952 mambo mawili makubwa yaliipata harmonika, na kati yake zilipita siku tisa tu. Tarehe 3, katika ukumbi wa Town Hall jijini New York, Larry Adler alisimama mbele ya okestra akapiga kazi aliyotungiwa na Ralph Vaughan Williams, mmoja wa watunzi wakubwa wa Uingereza wa karne ile. Tarehe 12, jijini Chicago, bendi ya mwanabluzi Muddy Waters ilikuwa studio, na kijana wa miaka 22 kutoka Louisiana, Marion Walter Jacobs, ambaye wapenzi wa muziki walimjua kwa jina la Little Walter, akarekodi kipande kisicho na maneno kilichokuja kuitwa Juke. Juke ilikaa namba moja kwa wiki nane katika orodha ya muziki wa Wamarekani weusi iliyotolewa na jarida la Billboard, na hakuna kipande kingine cha harmonika tupu kilichowahi kufika hapo. Adler aliishi mpaka 2001, akafariki akiwa na miaka 87. Little Walter alifariki Februari 1968, baada ya ugomvi wa usiku, akiwa na miaka 37, na karibu miaka kumi ilikuwa imepita tangu wimbo wake wa mwisho uingie kumi bora.

Tofauti hii ya maisha imeelezwa kwa njia nyingi. Wako wanaosema ni rangi ya ngozi, wako wanaosema ni pombe, na wako wanaosema kwamba ladha ya watu iligeuka tu, kama inavyogeuka kila mara. Kila jibu lina ukweli wake. Lakini liko jambo jingine ambalo halitajwi sana, nami naona ndilo linaloyashikanisha hayo yote. Walichokivumbua wapiga harmonika wa bluzi kilikuwa sauti yenyewe, yaani namna ya kuvuta pumzi, kuikunja na kuiachia, na kitu hicho hakikuwa na hati. Sheria ya hakimiliki ililinda maneno na tuni. Chama cha wanamuziki kililinda wenye ala kilizozitambua. Mpiga harmonika alileta mali ambayo hakuna daftari lililokuwa na safu ya kuiandika, ndiyo maana wengine waliichukua bila hata kuhisi kwamba wamechukua kitu cha mtu.

Tuanze na ala yenyewe. Matthias Hohner alianza kutengeneza harmonika mwaka 1857 katika mji wa Trossingen, kusini mwa Ujerumani, na kufikia 1887 kiwanda chake kilitoa zaidi ya milioni moja kwa mwaka, nyingi zikipelekwa Marekani. Mwaka 1896 kilileta aina iitwayo Marine Band: matundu kumi, vijilimi ishirini vya shaba, ubao mdogo wa mpea katikati, na mabati mawili ya kufunika. Ilienea mfukoni na ilinunulika na mtu ambaye gitaa kwake lilikuwa ndoto. Kwetu huitwa kinanda cha mdomo, na wengi hukijua kama kitu cha kuchezea watoto. Huko Marekani nako kilitazamwa hivyo. Vitabu vingi vya historia ya bluzi huishia hapo: harmonika iliingia mashamba ya pamba ya Mississippi na Tennessee kwa sababu ilikuwa rahisi. Ni kweli, lakini urahisi unaeleza jinsi ala ilivyomfikia mtu, hauelezi alichokifanya nayo. Wajerumani wenyewe walikuwa nayo kwa bei hiyohiyo, na hawakutoa bluzi.

Alichokifanya kinaonekana ukiishika harmonika ya ufunguo wa C. Mtengenezaji alikusudia upulize, na ukipuliza tundu lolote unapata noti za kodi (yaani mkusanyiko wa noti zinazopatana) ya C, ambayo ndiyo nyumba ya nyimbo za kijijini kwao. Kuvuta kuliwekwa kwa ajili ya noti za kupitia tu. Wapiga bluzi waligeuza mpango huo. Waliona kwamba matundu manne ya kwanza yakivutwa hutoa kodi ya G, wakahamisha nyumba, wakaanza kupiga G kwa harmonika ya C. Tundu la pili likivutwa ndiyo G yenyewe, yaani nyumbani. Tundu la tano likivutwa hutoa F, ile noti ya saba iliyoshushwa ambayo bluzi haiwezi kuishi bila hiyo. Uzuri zaidi uko kwenye tundu la tatu: likivutwa hutoa B, lakini mpigaji akirudisha ulimi nyuma na kulipanua koo, noti huteremka hadi B bapa, kisha A, kisha A bapa, na anaweza kusimama popote katikati, hata mahali pasipo na kibonyezo kwenye piano. Noti hizo hazimo kwenye mchoro wa kiwanda. Kiswahili husema mtu anapuliza harmonika, nacho kina haki kwa ala nyingine zote za kupulizwa, ila kwa bluzi kazi kubwa iko kwenye kuvuta. Sauti ile ya kulia, inayofanana mno na ya mtu anayezungumza, hutoka mtu anapoingiza hewa kifuani. Kwa hiyo ala iliyoletwa na Hohner na ala iliyopigwa Mississippi zilifanana kwa umbo tu. Ya pili ilivumbuliwa upya na watu ambao majina ya wengi wao hatutayajua kamwe.

Mmoja tunayemjua ni DeFord Bailey. Alizaliwa 1899 katika wilaya ya Smith, Tennessee, akaugua polio utotoni, na mwili wake ukabaki mdogo maisha yake yote. Katikati ya miaka ya 1920 alianza kusikika kwenye redio WSM ya Nashville. Usiku wa tarehe 10 Desemba 1927, kipindi cha muziki wa opera kutoka New York kilipokwisha, zamu ilikuwa ya Bailey, naye akapiga Pan American Blues, kipande kinachoiga gari la moshi: pumzi fupi za magurudumu yanayoanza kusukumana, honi inayokaribia kisha kufifia. Mtangazaji George Hay, akiwalinganisha wapigaji wa kipindi chake na wale wa opera, ndipo akalitamka jina Grand Ole Opry, na jina hilo ndilo la kipindi kikongwe kuliko vyote vya muziki wa kantri mpaka leo. Mwaka 1928 hakuna msanii aliyesikika kwenye kipindi hicho mara nyingi kuliko Bailey. Mwaka huohuo rekodi zake zikawa miongoni mwa zile za kwanza kabisa kufanywa Nashville na kampuni kubwa, katika mji ambao leo unaishi kwa biashara hiyo.

Namna alivyoondolewa ndiyo inayohusu hoja yangu. Mwaka 1941 vituo vya redio viligombana na shirika la hakimiliki la ASCAP, vikakataa kupiga nyimbo zilizosajiliwa nalo, na vipande maarufu vya Bailey vikaingia katika marufuku hiyo. Aliambiwa atafute vingine. Hakufanya hivyo kwa namna waliyoitaka, akaachishwa kazi. Miaka minne baadaye Hay, katika kitabu chake kuhusu historia ya kipindi, alimtaja kama kipenzi cha kuletea bahati na kumsema kwa uvivu. Tuyapime haya kwa utulivu. Wasikilizaji hawakuwa wakimfuata Bailey kwa sababu ya tuni zilizosajiliwa. Walimfuata kwa sababu ya jinsi treni ilivyopumua mdomoni mwake. Lakini walipokaa wakubwa wawili wa biashara kugombania nyimbo, kipimo kilichokuwa mezani ni cha karatasi, na kwa kipimo hicho mtu aliyesababisha kipindi kipate jina la Grand Ole Opry hakuwa na uzito wowote. Alirudi kwenye kibanda chake cha kung'arisha viatu Nashville, akakaa huko miaka mingi. Alifariki 1982. Kuingizwa kwake katika Jumba la Heshima la muziki wa kantri kulikuja 2005.

Palipokosekana hati ya sauti, mtu alijaribu kushika kilichokuwa karibu zaidi, yaani jina. Kisa cha Sonny Boy Williamson wawili husimuliwa kama kituko, nami sioni kituko hapo. Wa kwanza, John Lee Williamson, alizaliwa karibu na Jackson, Tennessee, mwaka 1914, na Mei 1937 alirekodi kwa kampuni ya Bluebird huko Aurora, Illinois, nyimbo zilizoifanya harmonika iwe ala ya mbele katika bluzi ya mjini, mojawapo ikiwa Good Morning, School Girl. Wa pili alikuwa Aleck Miller wa Mississippi, mtu mzima kuliko mwenzake. Novemba 1941 Miller alianza kupiga katika kipindi cha King Biscuit Time cha redio KFFA mjini Helena, Arkansas, kilichodhaminiwa na wauza unga, na alitumia jina la Sonny Boy Williamson. Kipindi kilirushwa mchana, saa ambayo vibarua wa mashambani walikuwa wamepumzika kula. Faida kubwa kwa mpigaji ilikuwa ruhusa ya kutangaza hewani atapiga wapi jioni. Unga nao ulipata jina: kukawa na unga wa mahindi wa Sonny Boy, wenye picha yake kwenye mfuko. Jina lilimwuzia mwenye kiwanda unga na kumletea mpigaji watu wa kujaza kilabu cha usiku mmoja. Kwamba Miller alimdhulumu mwenzake kwa kulichukua, sina ubishi. Ninachoona ni kwamba alijua vizuri kuliko mawakili kitu gani kilichoweza kuuzwa katika kazi yake na kipi kisichoweza.

Halafu ikaja maikrofoni. Katika baa za Chicago baada ya vita, gitaa za umeme na ngoma ziliimeza harmonika kabisa. Wapigaji kadhaa walianza kutafuta njia, na Snooky Pryor alidai kwamba alikwisha kujaribu kwa vipaza sauti vya jeshi mwaka 1945. Lakini aliyeifanya kuwa sanaa ni Little Walter. Alikumbatia maikrofoni ya bei ndogo pamoja na harmonika ndani ya viganja, akaziba pande zote ili hewa isivuje, akapeleka sauti kwenye amplifaya ya gitaa na kuiacha ipasuke kidogo. Ilitoka sauti nene, yenye mkwaruzo, karibu na saksafoni, ala ambayo wapigaji wake aliwasikiliza kwa makini. Akifungua kiganja kidogo, sauti inang'aa, akikibana, inazama. Kati ya 1952 na 1958 aliingiza nyimbo 14 katika kumi bora, na My Babe ya 1955 nayo ikashika namba moja. Kila mpiga harmonika wa umeme aliyekuja baadaye, awe mweusi au mweupe, awe Chicago au London, anafanya kazi ndani ya sauti hiyo.

Hapa msomaji makini atanizuia. Juke, atasema, ilisajiliwa kwa jina la Walter mwenyewe. Na John Lee Williamson na Aleck Miller walikuwa waimbaji na watunzi, wenye nyimbo zao. Basi hati walikuwa nayo. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake linaipa hoja nguvu badala ya kuipunguza. Hati waliyokuwa nayo ilikuwa ya tuni na maneno. Aliyetaka kupiga Juke noti kwa noti alipaswa kulipa. Aliyetaka kuchukua sauti ya Juke, ambayo ndiyo watu waliyoinunua, hakudaiwa senti. My Babe iliandikwa na Willie Dixon, na miaka ya 1970 Dixon na Muddy Waters waliipeleka mahakamani Arc Music, kampuni iliyoshika haki za nyimbo walizorekodi kwa kampuni ya santuri ya Chess. Dixon aliweza kupigana kwa kuwa alikuwa na maneno yaliyoandikwa na tarehe juu yake. Tuseme Walter angekuwa hai: angefungua kesi gani juu ya namna ya kukunja viganja?

Kuhusu chama, jambo lenyewe ni wazi zaidi. Chama cha wanamuziki cha Marekani kiliihesabu harmonika kuwa kitu cha kuchezea mpaka miaka ya mwisho ya 1940, na kilianza kulegea baada ya kundi la Harmonicats, watu weupe wa Chicago, kuuza santuri nyingi mno za Peg o' My Heart mwaka 1947. Maana yake ni kwamba mpiga besi aliyesimama kando ya mpiga harmonika kwenye jukwaa moja aliweza kuwa na kiwango cha ujira kilichoandikwa, na mwenzake asiwe nacho. Wako watakaosema kwamba wanabluzi wote walidhulumiwa, wapiga gitaa pia, kwa hiyo harmonika haina kisa chake peke yake. Nakubali kwamba ubaguzi ulikuwa mvua iliyowanyeshea wote. Hata hivyo wengine walikuwa na paa. Little Walter, mwenye nyimbo 14 katika kumi bora na bendi iliyotembea kwa jina lake, alipoingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll mwaka 2008, aliingizwa katika kundi la wasindikizaji. Hapakuwa na chuki katika uamuzi huo. Palikuwa na mazoea ya nusu karne ya kuiona ala hii kuwa pambo la muziki wa mtu mwingine.

Pingamizi la pombe na magomvi ni zito zaidi kwa sababu linamhusu Walter moja kwa moja. Alikuwa mtu wa hasira na wa kunywa, na waliofanya kazi naye wamelisema hilo. Lakini tabia ya mtu mmoja haitoshi kueleza kazi nzima. John Lee Williamson aliuawa na waporaji Juni 1948 akirudi nyumbani kutoka kazini, akiwa na miaka 34 na jina lake likiwa juu. Noah Lewis, aliyerekodi na bendi ya Cannon's Jug Stompers mjini Memphis kuanzia 1928, alikufa maskini huko Ripley, Tennessee, mwaka 1961, kwa donda ndugu lililotokana na baridi kali. Waliodumu nao watazamwe. Sonny Terry, kipofu tangu ujana, alipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall mwaka 1938, akaingia katika mchezo wa Finian's Rainbow huko Broadway mwaka 1947, kisha akazunguka dunia kwa miongo kadhaa na mpiga gitaa Brownie McGhee. James Cotton alijiunga na Muddy Waters mwaka 1954, akakaa miaka kumi na miwili kabla ya kuunda bendi yake, akaishi mpaka 2017. Hawa hawakuwa malaika. Walikuwa na kazi yenye mpangilio: tamthilia yenye mkataba, bendi yenye ratiba, mwenza wa kudumu. Palipokuwa na mpangilio, mpiga harmonika alizeeka kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Inabaki hoja ya ladha: kwamba miaka ya 1960 gitaa lilishinda na harmonika ikapitwa na wakati. Kwa soko la Wamarekani weusi, ambalo liligeukia soul, ni kweli. Lakini miaka hiyohiyo harmonika ilikuwa ikisikika duniani kuliko wakati wowote. John Lennon wa Beatles aliitumia kuufungua wimbo wa Love Me Do mwaka 1962. Brian Jones na Mick Jagger wa Rolling Stones walijifunza kwa kusikiliza santuri za Chicago. Aleck Miller alifika Ulaya mwaka 1963 akapokewa kama mfalme, akarekodi jukwaani na vijana wa bendi ya Kiingereza ya Yardbirds. Kisha akarudi Helena, kwenye redio ileile ya wauza unga, akafariki huko Mei 1965. Paul Butterfield, kijana mweupe aliyejifunza katika vilabu vya upande wa kusini wa Chicago, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka huo wa 1965. Butterfield aliwaheshimu walimu wake na kuwataja, na sina neno baya juu yake. Ninachosema ni kwamba sauti haikufa. Ilihama, na haikuacha nyuma njia yoyote ya kuwafikishia malipo walioitengeneza, kwa kuwa tangu mwanzo haikuandikwa mahali kwamba ni yao.

Makaburi yao yanaonyesha hilo bila maelezo mengi. Jiwe la Aleck Miller, karibu na Tutwiler, Mississippi, liliwekwa mwaka 1977, miaka kumi na miwili baada ya kifo chake, na aliyeligharimia ni Lillian McMurry, mwenye kampuni ndogo ya Trumpet iliyomrekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Kaburi la John Lee Williamson lilipata alama 1990. Little Walter amezikwa Evergreen Park, nje kidogo ya Chicago. Jiwe lake liliwekwa na wapenzi wa muziki wake mwaka 1991, na kabla ya hapo, kwa miaka 23, aliyetaka kumzuru ilimbidi aulize ofisini namba ya kaburi.